Langgaard na simfoni 16 ambazo Denmark haikutaka kuzisikia

Julai ni mwezi wa Rued Langgaard. Alizaliwa Copenhagen tarehe 28 Julai 1893, akafariki katika mji mdogo wa Ribe, kusini-magharibi mwa Denmark, tarehe 10 Julai 1952, zikiwa zimebaki siku 18 atimize miaka 59. Katika maisha hayo aliandika simfoni 16, opera moja, kwarteti za fidla, kazi za piano, za kinanda cha kanisani na nyimbo nyingi, jumla yake zaidi ya 400. Nchi yake ilikuwa na redio ya taifa, okestra nzuri na chuo cha muziki cha kuheshimika. Hata hivyo mtu huyu alikwenda kaburini bila kuzisikia kadhaa ya simfoni zake zikipigwa hata mara moja.

Mwaka 2022, miaka 70 baada ya kifo chake, jina lake lilirudi mahali pasipotarajiwa. Januari, jumba la Deutsche Oper mjini Berlin lilipandisha jukwaani "Antikrist", opera yake pekee. Mwaka huohuo Berliner Philharmoniker, chini ya mwongozaji Sakari Oramo kutoka Finland, ikapiga simfoni yake ya kwanza. Ni okestra hiyohiyo iliyoizindua simfoni hiyo mwaka 1913. Ilimchukua Langgaard miaka 109 kurudi pale alipoanzia, na kisa cha miaka hiyo kinafaa kusimuliwa, kwa sababu kinaonyesha jinsi nchi yenye vipaji inavyoweza kujinyima kwa hiari yake.

Mengi tunayoyajua leo kumhusu tunayajua kwa juhudi za mtafiti mmoja, Bendt Viinholt Nielsen, aliyekaa miaka mingi na miswada ya Langgaard. Mwaka 1991 alichapisha orodha kamili ya kazi zake, kila moja ikiwa na namba, na miaka miwili baadaye akatoa wasifu wake. Makala haya yanafuata njia aliyoichonga yeye.

Mtoto aliyelelewa kama nabii

Baba yake, Siegfried Langgaard, alikuwa mpiga piano aliyewahi kusoma kwa Franz Liszt mwenyewe. Mama yake, Emma, naye alikuwa mpiga piano, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mwanawe. Rued alikuwa mtoto wao wa pekee. Siegfried alizama katika theosofia, fundisho la kumtafuta Mungu kwa ufahamu wa ndani, na aliamini kwamba muziki ni njia ya kumfikia Mungu, na kwamba mtunzi wa kweli ana kazi ya kiroho hapa duniani. Nyumba nzima iliendeshwa kwa imani hiyo. Mtoto alikua akiambiwa, kwa maneno na kwa vitendo, kwamba ameteuliwa.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 1905, akiwa na miaka 11, alikaa mbele ya kinanda cha Marmorkirken, kanisa kubwa la kuba katikati ya Copenhagen, akapiga hadharani muziki alioubuni papo hapo. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Edvard Grieg, mtunzi mashuhuri kuliko wote wa Norway, ambaye kesho yake aliiandikia familia barua ya sifa. Mwaka 1908 kazi yake ya kwaya na okestra, "Musae triumphantes", ikapigwa mjini humo. Alikuwa na miaka 14. Wakosoaji hawakuangalia umri, walimkosoa kama wanavyomkosoa mtu mzima. Katika miaka hiyohiyo ya utoto alipata masomo machache kwa Carl Nielsen. Hayakudumu. Jina la Nielsen tutakutana nalo tena, na si kwa heri.

Kila kiangazi familia ilivuka bahari kwenda Kullen, rasi ya majabali kusini mwa Sweden, ambako mawimbi hupiga chini ya miamba mirefu. Huko ndiko simfoni ya kwanza ilikozaliwa. Langgaard aliianza mwaka 1908 na kuikamilisha mwaka 1911, akaiita "Nyimbo za Majabalini". Ina sehemu tano na huchukua saa nzima. Inaanzia chini, kwenye mawimbi yenye mwanga wa jua, inapita kwenye maua ya milimani, inasimulia ngano ya kale, inapanda mwamba, na inamalizia kileleni kwa sehemu aliyoiita "Moyo wa Kuishi", ambamo vyombo vya shaba vinapigwa kwa nguvu zote. Ni kazi ya kijana ambaye bado hajaambiwa kwamba kuna jambo haliwezekani.

Copenhagen haikuichukua. Wazazi wakaipeleka Berlin, ambako walikwisha kujenga urafiki na waongozaji Arthur Nikisch na Max Fiedler. Tarehe 10 Aprili 1913, Fiedler aliiongoza Berliner Philharmoniker katika onyesho lake la kwanza. Mtunzi alikuwa na miaka 19. Ilipokewa vizuri, na kwa muda ilionekana kama mlango wa Ujerumani umefunguka moja kwa moja. Mwaka uliofuata baba yake akafariki na Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Mlango ukafungwa.

Miaka ya moto

Kati ya 1912 na 1918 alizimaliza au kuzianza simfoni nne nyingine. Namba 2 inashangilia majira ya kuchipua na kuishia kwa sauti ya mwanamke anayeimba. Namba 3 inaipa piano nafasi kubwa, karibu iwe tamasha la piano. Namba 4, "Majani Yapukutika", ya mwaka 1916, inapita bila kusimama toka mwanzo hadi mwisho, na karibu na tamati zinasikika kengele za kanisa za Jumapili asubuhi. Namba 5 aliiandika mara mbili, kwa sura mbili tofauti.

Lakini kilichomtenga na wenzake wote kilikuwa kazi isiyohesabiwa miongoni mwa simfoni. "Muziki wa Falaki", aliyoiandika kati ya 1916 na 1918, inahitaji okestra kubwa, kwaya, kinanda cha kanisani, mwimbaji wa soprano, na okestra ndogo ya pili inayopiga kutoka mbali. Haina wimbo unaokua na kufikia mwisho kama simfoni za siku zile. Sauti zinatanda. Fidla zinashikilia noti moja kwa muda mrefu huku juu yake zikimeta sauti ndogondogo, zinakuja na kutoweka. Kuna mahali mpiga piano anaacha vibonye, anainama ndani ya piano na kupitisha mkono juu ya nyuzi zenyewe. Karibu na mwisho okestra nzima na ngoma zinajikusanya hadi msikilizaji anahisi jumba linatetemeka. Mtu asiyeambiwa mwaka angeweza kuapa kwamba kazi hii iliandikwa miaka ya 1960. Ilipigwa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1921, kisha Berlin. Baada ya hapo haikusikika tena kwa karibu nusu karne.

Simfoni ya sita ilifuata mkondo huohuo wa ujasiri. Aliimaliza mwaka 1920 na baadaye kuirekebisha. Iliitwa "Inayopasua Mbingu", na ndani yake Langgaard aliweka vita kati ya wema na uovu, akitoa picha kutoka Waraka kwa Waefeso, mahali Paulo anapozungumzia majeshi ya pepo wabaya. Kinachostaajabisha ni namna alivyoijenga. Hakuweka nyimbo mbili, mmoja wa malaika na mwingine wa shetani. Aliweka wimbo mmoja tu. Mwanzoni unakuja kwa upole, fidla zikiusuka kwa utulivu na nuru. Mara unarudi uleule, safari hii ukiwa mzito, mgumu, umepinda. Kisha yanafuata mageuzi matano ya wimbo huo, na pande zake mbili zinapigana ndani ya mwili mmoja mpaka tarumbeta za ziada zinapoingia na kuamua vita. Yote hayo ndani ya dakika 20 na ushei. Hii nayo ilizinduliwa Karlsruhe, mwaka 1923, wala si nyumbani.

Ugomvi na kivuli cha Nielsen

Kwa nini si nyumbani? Hapa ndipo kisa kinaponoga, na ndipo uchungu ulipo.

Carl Nielsen alizaliwa mwaka 1865 kijijini, katika kisiwa cha Funen, mtoto wa fundi rangi maskini. Alipanda kwa kipaji na bidii. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa ameandika simfoni ambazo dunia inazipiga hadi leo, alikuwa ameongoza okestra ya Jumba la Maonyesho la Kifalme kuanzia 1908 hadi 1914, na kuanzia 1915 hadi 1927 aliongoza Musikforeningen, chama kikuu cha matamasha mjini Copenhagen. Alifundisha katika chuo cha muziki na hatimaye akawa mkuu wake. Mwaka 1925 alipotimiza miaka 60, taifa zima lilimsherehekea, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha insha, "Muziki Ulio Hai". Alihubiri usafi. Aliwataka watunzi waachane na machozi, waachane na mapambo ya karne ya 19, warudi kwenye noti yenyewe na nguvu zake.

Mafundisho hayo yaliingia Denmark kama sheria. Vijana waliyashika, wakosoaji wakayatumia kama rula. Na katikati ya mji huohuo alikuwepo kijana mwenye nywele ndefu, anayeishi na mama yake, anayesema hadharani kwamba muziki ni ufunuo, kwamba msanii ni kuhani, na kwamba mwisho wa dunia unakaribia. Rula hiyo ilipomgusa Langgaard, alionekana mrefu kupita kiasi, mwenye kelele kupita kiasi, mwenye dini kupita kiasi.

Mwaka 1925, mwaka uleule wa sherehe za Nielsen, Jumba la Maonyesho la Kifalme liliikataa "Antikrist". Langgaard alikuwa ameandika muziki na maneno yake mwenyewe, akionyesha ulimwengu uliotawaliwa na kiburi, uongo na anasa mpaka Mungu anapoingilia kati kumwangamiza Mpinga Kristo. Waliosoma maneno walisema hayaeleweki. Akayaandika upya kwa miaka kadhaa. Ikakataliwa tena. Mama yake, aliyekuwa nguzo yake tangu utotoni, alifariki mwaka 1926. Mwaka uliofuata Rued alimwoa Constance Tetens, na mwanamke huyo ndiye aliyebaki upande wake hadi mwisho.

Jambo moja lililotokea wakati huo limewashangaza wengi. Mtu aliyekuwa mbele ya wenzake kwa miaka 40 aligeuka, akarudi nyuma. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 Langgaard aliuacha ulimwengu wa "Muziki wa Falaki" na kuishika lugha ya Niels W. Gade, baba wa muziki wa Denmark wa karne iliyotangulia. Simfoni ya saba inasimama kwenye kaburi la Tordenskjold, shujaa wa bahari, katika Kanisa la Holmen. Ya nane ni kumbukumbu za Amalienborg, kasri la mfalme. Wengine wameona hapo woga. Mimi naona ukaidi. Mji ulikuwa umemwambia kwamba mambo ya kale yamekufa, naye akaamua kuyaimba kwa sauti kubwa zaidi.

Nielsen alifariki Oktoba 1931, lakini kivuli chake kilizidi kurefuka. Wanafunzi na wapenzi wake ndio waliokalia viti vya chuo, redio na kamati. Langgaard aliandika barua na makala za magazetini akilalamika kwamba muziki wa Denmark umepotoshwa, na kila alipolalamika alizidi kuonekana mtu wa ajabu. Riziki nayo ilikuwa shida. Alikuwa mpiga kinanda hodari tangu utoto, na kwa zaidi ya miaka 20 aliomba nafasi ya kudumu kanisa moja baada ya jingine. Hakupata.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 55 na bila la kupoteza, alitoa jibu lake. Ni kipande kifupi cha kwaya na okestra. Maneno yake ni kichwa chenyewe, "Carl Nielsen, mtunzi wetu mkuu", na hakuna neno jingine. Muziki umepambwa kama wimbo wa sherehe za taifa, kwaya inatamka sifa hizo kwa sauti ya fahari. Urefu wake ni vipimo 32 tu. Na kwenye noti mtunzi ameandika agizo: kirudiwe milele na milele.

Wapo wanaokisoma kipande hicho kama kituko. Kwangu ni ushahidi. Mtu aliyenyimwa okestra kwa miaka mingi aliwapa wenye okestra picha yao wenyewe, wamesimama mahali pamoja, wakisifu jina moja, bila kuchoka na bila kuendelea mbele.

Haki inataka isemwe pia kwamba Nielsen hakumwibia Langgaard kitu. Simfoni za Nielsen ni kubwa kweli, na anayezisikia leo hana sababu ya kumchukia. Kosa ni la waliomgeuza kipimo pekee cha muziki wa nchi nzima. Nchi ikiamua kwamba ina nafasi ya mtunzi mkuu mmoja tu, wa pili atageuka kuwa kero hata akiwa na kipaji cha kiasi gani. Miaka mingi baadaye sura ya Nielsen iliwekwa kwenye noti ya kroni 100. Langgaard alikufa hata mtaani hajulikani.

Ribe, mwisho wa reli

Kazi ilipatikana hatimaye mwaka 1940, mwaka ambao Ujerumani iliivamia Denmark. Langgaard alikuwa na miaka 46. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya katika kanisa kuu la Ribe, mji mkongwe kuliko yote nchini humo, mbali kabisa na Copenhagen. Kwa walio na mamlaka katika muziki, lilikuwa jambo la kushukuru. Yule msumbufu amepata mkate wake, na yuko mbali.

Hawakujua walichokifanya. Ndani ya miaka tisa, kuanzia 1942 hadi 1951, Langgaard aliandika huko simfoni nane, nusu ya simfoni zake zote. Ya tisa ni shukrani kwa mji wenyewe. Inaitwa "Kutoka Mji wa Malkia Dagmar", kwa jina la malkia aliyependwa na Wadenmark ambaye alifia Ribe mwanzoni mwa karne ya 13. Ndani yake malkia anawasili kwa merikebu, watu wanacheza dansi katika ngome ya Riberhus, kisha kanisa kuu linasimama mbele yetu kwa uzito wake wote. Ni muziki wa mtu aliyekaribishwa mahali, au anayetamani iwe hivyo.

Baadaye alizidi kwenda njia yake. Namba 10, "Makao Yale ya Ngurumo", inarudi kwenye majabali ya Kullen ya utotoni. Namba 11 inaitwa "Ixion", kwa jina la mtu wa ngano za Kigiriki aliyefungwa kwenye gurudumu linalozunguka bila kukoma. Ni ya dakika sita hivi. Wimbo mmoja wa waltz unazunguka, unazunguka tena, mpaka tuba nne za ziada zinaponguruma karibu na mwisho na kuufanya mzunguko huo kuwa adhabu.

Namba 12, ya mwaka 1946, inaitwa "Helsingeborg", kwa jina la mji wa Sweden ulio jirani na Kullen. Humo Langgaard alifanya jambo ambalo sijui mtunzi mwingine aliyelifanya. Aliichukua simfoni yake ya kwanza, ile ya saa nzima, ile ya Berlin na ya miaka 19, akaibana hadi ikaingia ndani ya dakika saba. Mawimbi, maua, ngano, mwamba na kilele vinapita mbele ya msikilizaji mbio, kama vile mtu anasimulia maisha yake huku akisukumwa nje ya mlango. Mtunzi huandika kwenye noti maneno ya kumwelekeza mwongozaji, kama vile polepole au haraka. Kwenye kurasa za mwisho za simfoni hii Langgaard ameandika kwamba hapa mtunzi amepandwa na wazimu na analipuka. Okestra inajikusanya, inapiga, inakatika. Hakuna baada.

Namba 14, "Asubuhi", ina kwaya na sehemu zenye majina ambayo hakuna aliyewahi kuyaweka kwenye simfoni. Sehemu moja inazungumzia nyota za alfajiri ambazo hakuna anayezitazama, na muziki wake ni wa vyombo vya nyuzi peke yake, miongoni mwa mzuri kuliko wote aliouandika. Nyingine inahusu akina baba wanaokimbilia ofisini. Ya 15 inaimba tufani ya baharini kwa sauti za wanaume. Ya 16, aliyoimaliza mwaka 1951, inaitwa "Gharika la Jua". Mwaka uliofuata alifariki. Tano kati ya simfoni hizo, namba 11, 12, 14, 15 na 16, zilipigwa kwa mara ya kwanza baada ya kifo chake.

Anayeyasoma majina ya simfoni hizo 16 kwa mpangilio hahitaji wasifu mwingine. Yanaanza na majabali na ujana, yanapita kwenye vita vya mbinguni, yanajificha makanisani na kwenye makasri, yanafungwa kwenye gurudumu, yanalipuka, na yanamalizika kwenye jua. Langgaard alijiandikia maisha yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejali kuyaandika.

Alivyofufuliwa

Mabadiliko yalianza miaka ya 1960. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1968, Stockholm, ambako György Ligeti, mtunzi mzaliwa wa Hungary aliyekuwa kinara wa muziki mpya wa Ulaya, alikuwa akipitia noti za watunzi wa Skandinavia. Mtunzi Mdenmark Per Nørgård akachomeka kati ya noti hizo "Muziki wa Falaki" bila kusema kitu. Ligeti alifungua kurasa, akaona mbinu zilezile za sauti zinazotanda ambazo dunia ilikuwa ikimsifia yeye kwa kuzibuni, ila zimeandikwa nusu karne kabla. Akakiri kwamba kumbe amekuwa mfuasi wa Langgaard bila kujua.

Rekodi zilifuata. Simfoni zote 16 zilirekodiwa kwanza Poland, chini ya Ilya Stupel, kisha na Okestra ya Taifa ya Denmark ikiongozwa na Thomas Dausgaard, ambayo seti yake ya diski saba ilikamilika mwaka 2009. Mwaka 2010 Dausgaard aliupeleka "Muziki wa Falaki" kwenye matamasha ya Proms mjini London, na Ribe ikaanzisha tamasha la kila mwaka la muziki wa Langgaard. Wiener Philharmoniker ya Vienna nayo imerekodi namba 2 na 6. "Antikrist" ilipata jukwaa lake la kwanza Innsbruck, Austria, mwaka 1999, na Copenhagen ilisubiri hadi 2002.

Tazama orodha hiyo vizuri. Berlin, Karlsruhe, Stockholm, Innsbruck, London, Vienna. Mara nyingi wageni wametangulia na wenyeji wakafuata. Denmark inaweza kujivunia Langgaard leo, na redio yake na wachapishaji wake wamefanya kazi njema katika miaka ya karibuni. Lakini fahari ya tamasha la kila mwaka mjini Ribe haitoshi. Nielsen anapigwa kila msimu bila kuhitaji sababu. Langgaard bado anahitaji kumbukumbu ya mwaka fulani, au mwongozaji kutoka nje, ndipo awekwe kwenye ratiba.

Simfoni ya sita haina sababu ya kusubiri tena. Ni fupi, ina nguvu, inamshika msikilizaji wa kawaida tangu dakika ya kwanza, na inastahili kupigwa na okestra za dunia mara kwa mara kama zinavyopigwa kazi za Nielsen na za Sibelius wa Finland. Zile za mwisho, za dakika sita na saba, zingeweza kufungua tamasha lolote. Anayesema Langgaard aliandika mengi yasiyolingana ubora yuko sahihi. Alikuwa na siku mbaya, alirudia mambo, aliandika mengine kwa hasira. Mtunzi anahukumiwa kwa kazi zake bora, na bora za Langgaard hazina mfano nchini mwake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia hata noti moja yake, rekodi zote sasa zinapatikana mtandaoni bila shida. Anza na namba 4, "Majani Yapukutika", usubiri kengele. Nenda namba 6 ukiwa peke yako na spika nzuri. Kisha tenga jioni moja kwa ajili ya namba 1, na ukimaliza usiondoke: weka namba 12 papo hapo. Ndani ya dakika saba utaelewa ni nini Denmark ilikipoteza kwa miaka 50, na kwa nini haifai kukipoteza tena.